Pumzi ya Mjomba

Maiki mpya ni kama mgeni mwenye masikio makali. Siku ya kwanza tu inakutajia mambo ya nyumbani kwako ambayo wewe mwenyewe uliyazoea mpaka ukaacha kuyasikia. Yangu ilifika Ijumaa jioni ndani ya boksi lenye sponji, baada ya miezi mitano ya kudunduliza. Ni ya kondensa, ile aina inayotaka umeme wa volti 48 kutoka kwenye kisanduku kinachoiunganisha na kompyuta, na ambayo kila mtu mtandaoni atakuapia kwamba ndiyo ya gitaa kavu. Nikaichomeka, nikavaa hedifoni, nikanyamaza. Nikasikia friji. Nikasikia feni, tena ya jirani, si yangu. Nikasikia maji yakipita kwenye bomba la ukutani, mtoto wa nyumba ya nyuma akisoma silabi zake kwa sauti, na mlio mwingine mdogo wa kukatakata ambao nilihangaika nao dakika kumi, kumbe ni saa yangu mwenyewe niliyoivaa mkononi.

Wanaorekodi nyumbani wanajua kinachofuata. Friji inazimwa na watu wa ndani wananuna. Godoro linatolewa kitandani na kuegemezwa ukutani ili sauti isigonge zege na kurudi. Blanketi mbili dirishani, kwa joto la Dar es Salaam, halafu unakaa unatokwa jasho kama unajifukiza. Kazi inafanyika baada ya saa tano usiku, mtaa ukishatulia. Mwanzoni niliiweka maiki mbele ya tundu la gitaa kwa sababu akili ya kawaida inasema sauti si inatokea pale? Besi ikavuma kama mtu anapiga debe. Nikaisogeza hadi usawa wa freti ya 12, kama sentimita 25 kutoka kwenye nyuzi, nikaielekeza kidogo pale shingo inapoungana na mwili. Hapo gitaa likaja. Yaani lilikuja kweli, mpaka nikageuka nyuma kuangalia.

Kwa wiki mbili nilijirekodi mwenyewe. Matokeo yake tusiyazungumzie.

Halafu Mjomba akaja. Alikuja kliniki, miezi kumi baada ya kiharusi ambacho kwenye familia tunakiita "kile kidogo," kana kwamba viharusi huuzwa kwa saizi. Ana miaka 71. Miaka ya sabini na ya themanini alipiga gitaa la ridhimu kwenye bendi mbili tatu za Morogoro, zile ambazo hakuna anayezikumbuka isipokuwa waliokuwemo. Ukitaja Morogoro na gitaa, watu wanakutajia Mbaraka Mwinshehe, na ni haki yake. Lakini Mbaraka hakuota peke yake kama uyoga. Mji ule ulikuwa na vijana wengi wenye vidole, na wengi wao muziki wao umeishia hewani pale pale ukumbini, usiku ule ule. Mjomba ni mmoja wao. Hajawahi kurekodiwa hata mara moja.

Siku ya tatu akaiona maiki juu ya stendi yake. "Mjomba," akaniita (na yeye huniita mjomba, ndivyo tulivyo), "hii ndiyo inayomeza sauti?" Nikamwambia ndiyo, na leo usiku itameza yako, akitaka. Hakusema anataka. Alikwenda kukata kucha.

Ana wimbo mmoja ambao hauna jina wala maneno. Anauita tu "ule wa Kilosa," kwa sababu aliutunga akiwa anasubiri treni. Anaupiga kwa vidole viwili vya mkono wa kulia, gumba likitembeza besi na kidole cha shahada kikichambua wimbo juu yake, ule upigaji uliotujia na nyimbo za Kongo. Mkono wa kushoto uko kwenye C, na kidole cha mwisho kinanyooka kwenda kushika uzi wa kwanza kwenye freti ya tatu, pale inapopatikana G ya juu. Noti hiyo ndiyo kilele cha wimbo. Inarudi kila mzunguko. Alipiga mizunguko mitano bila kusimama, macho kafumba, nami nimekaa mita mbili kutoka kwake, simu imezimwa, nikiangalia tu taa ya kijani ya kile kisanduku isije ikawa nyekundu.

Alipokwenda kulala nikavaa hedifoni. Kulikuwa na ukucha ukigusa uzi kabla uzi haujalia. Kulikuwa na mkwaruzo wa vidole vikipita kwenye nyuzi za besi. Na kuanzia mzunguko wa tatu kulikuwa na pumzi. Kila anapouhamisha mkono wa kushoto mzima kutoka F kurudi C, anavuta hewa puani, anaibana, halafu anaiachia na mguno mdogo, kama mtu anayetua ndoo ya maji. Mita mbili pale nilipokaa sikuwa nimesikia chochote. Maiki ilisikia kila kitu.

Niliipenda pumzi ile kupita kiasi. Nikasema, huu sasa ndio ukweli wenyewe, hapa kuna mtu, siyo zile nyimbo za siku hizi zilizonyooshwa mpaka hazina mfupa. Saa saba usiku nikakata dakika moja, mzunguko wa tatu na nusu ya wa nne, nikaiweka kwenye grupu la familia na maneno haya: "Mjomba, mubashara, bila kuhaririwa." Mpaka alfajiri kulikuwa na mioyo myekundu kama maharage.

Asubuhi nikampa shikamoo, akaitikia. Akanywa chai yake. Alipomaliza akaweka kikombe chini, akasema, "Mjomba, umenianika."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. "Miezi kumi naambia watu naendelea vizuri," akasema. "Wewe kwa dakika moja umewaambia siendelei vizuri."

Tangu siku hiyo nina swali ambalo halijanitoka, na ndilo lililonifanya niandike. Ukimrekodi mtu, ukweli wa ile rekodi una deni kwa nani? Kwa anayesikiliza, ambaye anataka kuamini kwamba kilichotokea ndicho anachokisikia? Au kwa aliyerekodiwa, ambaye mwili wake umo mle ndani?

Utetezi wangu kwa Mjomba ulikuwa ule wa kila mtu: mimi sijaongeza kitu, nimeweka kilichokuwepo. Ni utetezi mzuri mpaka uuangalie vizuri. Hakuna binadamu anayemsikiliza mpiga gitaa sikio likiwa sentimita 25 kutoka kwenye vidole vyake. Nilichokiweka kwenye grupu, nikakiita Mjomba mwenyewe asiyehaririwa, ni kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kukisikia katika miaka yote aliyopiga, hata mke wake. Nilihariri tangu nilipochagua mahali pa kusimamisha stendi. Kwenye tundu angekuwa mzee mwenye besi nzito. Kwenye freti ya 12 akawa mgonjwa anayehema. Ningeiweka pale pale nilipokaa mimi, mita mbili, angekuwa Mjomba tunayemjua, na chumba kingeongeza mwangwi wake mbaya, na wewe ungeniambia rekodi haina ubora.

Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Mwaka 1928 Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi, santuri za wakati ule zilibeba kama dakika 3 upande mmoja, basi. Taarabu inayonyooshwa usiku kucha, watu wakitunza na kurudisha, ilikuwa lazima itoshe humo. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean Bosco Mwenda mjini Jadotville, ambao leo ni Likasi, kule Katanga, na ule wimbo wake wa "Masanga" umefundisha magitaa ya nusu ya Afrika. Ukiusikia mara ya kwanza utadhani ni magitaa mawili. Tracey naye alikuwa mtu wa kushika maiki mkononi na kuisogeza kwenye kile alichoona ni muhimu, na yeye pia alibanwa na urefu wa sahani. Tunasema "sauti ya Bosco" kwa urahisi tu. Ni sauti ya Bosco kutoka mahali ambapo mkono wa Tracey ulikuwa siku hiyo, nami nashukuru kwamba mkono ulikuwepo.

Kwa hiyo hoja ya kwamba rekodi mbichi ni ukweli na iliyohaririwa ni uongo naiweka pembeni. Haisimami. Ila kuiweka pembeni hakunisaidii kumjibu Mjomba, kwa sababu yeye hakuniambia nimedanganya. Aliniambia nimemwanika. Ni makosa mawili tofauti. Unaweza kumkosea mtu sana kwa kusema kweli tupu.

Lugha yetu ina neno kwa ajili ya hili, na nadhani tunalitumia kidogo mno tunapojadili sanaa. Kusitiri. Kusitiri siyo kudanganya, na siyo kuficha kwa maana ya mwizi anayeficha mali. Mtu akidondokwa na kanga barabarani, anayemfunika hajasema uongo kuhusu mwili wake. Kila aliyekuwepo anajua kuna mwili chini ya nguo. Sitara inamwachia mwenye mwili uamuzi wa nani aone, lini, na kwa kiasi gani. Sisi tunaopenda fasihi tumefundishwa kinyume chake. Tumefundishwa kushangilia mwandishi "asiyeficha kitu," aliyejivua nguo kwenye kurasa, na tukisoma kumbukumbu za mtu zisizo na aibu ndani yake tunasema zimechujwa. Sawa, mimi pia nasema hivyo. Lakini huyo alijivua mwenyewe. Mjomba alivuliwa na mpwa wake saa saba usiku.

Nikaifuta ile dakika kwenye grupu. Kisha nikakaa kwenye kompyuta kutengeneza.

Kwanza nilijaribu kuitoa pumzi. Zipo programu za kusafisha kelele, unaionyesha kelele unayoichukia nayo inaitafuta kote na kuipunguza. Kwa feni zinafanya kazi vizuri. Kwa pumzi ya mtu aliyekumbatia gitaa, hapana. Pumzi na mng'ao wa nyuzi vinakaa eneo moja la sauti, na maiki ilikuwa moja, njia moja, kila kitu kimemwagwa kwenye chungu kimoja. Nilipoipunguza pumzi, nyuzi zikawa kama zimebandikwa plasta. Nikaacha. Nikafanya lile ambalo kila mtu anafanya: nikachukua kipande kile kile kutoka mzunguko wa kwanza, ambako hakuna pumzi, nikakinakili, nikakipandika juu ya mzunguko wa tatu, wa nne na wa tano. Ilibidi nikivute kidogo kwa sababu mzee alikuwa amepunguza mwendo kadiri anavyochoka. Nikalainisha maungio. Ukisikiliza hujui. Nilisikiliza mara ishirini, na mimi niliyekata sikujua. Nikaiweka kwenye grupu nzima nzima, dakika nne na sekunde kadhaa, nikaandika "Toleo safi."

Dhamiri yangu ilikuwa shwari kabisa, maana nilikuwa na wakili mkubwa. Glenn Gould, mpiga piano wa Kanada, aliacha kupiga mbele ya hadhara mwaka 1964, na mwaka 1966 akaandika insha juu ya mustakabali wa kurekodi ambayo hadi leo watu wanagombana nayo. Anasimulia humo jinsi alivyorekodi kipande kimoja cha Bach mara kadhaa, na majaribio mawili, la 6 na la 8, yakawa hayana kosa. Ila moja lilikuwa zito mno na jingine jepesi mno. Basi wakayakata na kuyaunga, na kilichopatikana kikawa bora kuliko yote mawili, upigaji ambao haukuwahi kutokea kwenye kiti chochote siku yoyote. Gould hakuona uongo hapo. Aliona kazi. Kwake, studio na mkasi ni sehemu ya upigaji kama vidole vilivyo, na anayelia kwamba siyo kweli angelalamika pia kwamba mwandishi wa riwaya amefuta sentensi.

Na mwandishi anafuta, jamani. Wengi wenu mnaosoma hapa mnaandika, na mnajua mswada wa tatu ni mtu mwenye akili kuliko yule aliyeandika wa kwanza. Hakuna msomaji anayedai arudishiwe makosa yake.

Jioni Mjomba akarudi kliniki, nikampa hedifoni. Alisikiliza akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda kisicho na godoro, kwenye mbao. Mzunguko wa tatu ulipofika akainua kidole. "Hapa sikupumua."

"Nimeitoa, Mjomba."

"Asante." Akaendelea. Kisha akavua hedifoni upande mmoja. "Na hapa nani kapiga?"

"Wewe mwenyewe. Nimekihamisha kipande kutoka mwanzoni."

Akanyamaza. Akalichukua gitaa, akaweka C. "Kidole hiki," akasema, akikionyesha kile cha mwisho, "mwanzoni kinafika kwa ubishi tu. Nikishachoka hakifiki. Nilipotoka hospitali mwezi mzima nilikuwa naikosa ile noti, naukasirikia wimbo. Halafu siku moja nikasema basi, nikauacha uzi wa kwanza wazi." Akaupiga. Badala ya ile G ya juu, ikalia E, uzi mtupu, laini, umekaa ndani ya C bila fujo, na kilele cha wimbo kikawa kama mtu aliyetaka kuita kwa nguvu akaamua kuongea. "Nikasikia kumbe panapendeza. Siku hizi napangoja. Wewe umepafuta, umenirudisha nilipokuwa na miaka thelathini."

Nakiri kwamba sikuwa nimesikia. Nilikuwa nimesikiliza mara ishirini kutafuta maungio na sikusikia kwamba noti ni nyingine. Nilidhani uzi wazi ni kosa la kidole kilichochelewa. Pumzi, ambayo yeye aliiona aibu, mimi niliiona sanaa. Noti, ambayo kwake ilikuwa utunzi, mimi niliiona kosa. Sidhani kama mtu anaweza kukosea zaidi ya hapo kwa nia njema.

"Sasa hivi," akasema, "pumzi toa. Uzi uache."

Nikamweleza habari ya chungu kimoja. Pumzi inaangukia juu ya ile noti yenyewe. Nikitoa moja nimetoa na nyingine.

"Hiyo maiki umenunua shilingi ngapi?"

"Laki nne kasoro."

"Laki nne, na haijui kutofautisha mtu na gitaa?"

"Haijui, Mjomba."

Alicheka hapo, nami nikacheka, lakini ndipo hoja ilipo. Yeye anaijua tofauti. Pumzi ni ya mgonjwa, ni habari ya kliniki. Uzi wazi ni wa mwanamuziki. Vyote viwili vimetokana na kiharusi kile kile, mkono ule ule, sekunde ile ile. Kimoja anataka kisitiriwe, kingine anataka kijulikane, na hakuna kifaa duniani kitakachokuamulia kipi ni kipi. Hata Gould, kwa mkasi wake wote, alikuwa na tabia ya kuguna wimbo huku anapiga, na miguno hiyo imo kwenye rekodi zake hadi leo kwa sababu ilikuwa imeshamwagika pamoja na piano.

Pale ndipo nilipomfukuza kazi wakili wangu. Gould alikata upigaji wake mwenyewe. Bruce Springsteen, kwa upande wa pili, mwanzoni mwa mwaka 1982 alijirekodi nyumbani kule New Jersey kwa gitaa na maiki mbili kwenye mashine ya kaseti ya njia nne, akidhani anatengeneza mfano wa kwenda kuionyesha bendi. Bendi ikajaribu. Mwishowe akaitoa ile kaseti yenyewe, aliyokuwa akiizungusha mfukoni bila hata kasha, na ndiyo albamu ya Nebraska, ukungu wake wote ndani. Wapenda ukweli mbichi wanaitaja kila siku kama ushahidi wao. Ila angalieni ni nani aliyeamua. Mmoja alisafisha, mwingine akakataa kusafisha, na kila mmoja alikuwa anaamua juu ya sauti yake. Mimi nilikuwa naamua juu ya sauti ya mtu aliyelala chumba cha pili.

Ningependa kuishia hapo, kwamba mwenye sauti ndiye mwenye neno, tumemaliza. Haiishii hapo, kwa sababu ya mpwa wangu. Ana miaka 17, anajifunza gitaa, na alipakua "toleo safi" dakika ile ile nilipoliweka. Baada ya wiki akatutumia video anapiga ule wa Kilosa, vizuri kweli, na kila mzunguko kidole chake cha mwisho kinanyooka bila shida kwenda kwenye G. Mjomba alimjibu kwa sauti: "Mjukuu wangu, umepiga. Umepiga kama nilivyokuwa napiga." Alikuwa amefurahi. Mimi peke yangu ndiye niliyejua maana ya "nilivyokuwa."

Yule kijana nilimdanganya. Siyo kwa mkasi, nadhani. Sauti peke yake haisemi kitu, ni mawimbi tu. Nilidanganya kwa maandishi, nilipoandika "safi" kana kwamba nimepangusa vumbi, wakati nilikuwa nimebadilisha wimbo. Kama vile usiku wa kwanza nilivyoandika "bila kuhaririwa." Mara zote mbili kosa lilikuwa kwenye maneno machache niliyoyabandika juu, na hayo yalikuwa yangu, hayakuwa ya Mjomba wala ya maiki. Anayesikiliza kwa kustarehe hana deni kubwa analonidai. Anayesikiliza ili ajifunze, anayekwenda kuiweka ile noti mikononi mwake na kuibeba miaka hamsini, huyo anadai. Nilimpigia nikamwonyesha uzi wazi. Akasema, "Sawa, lakini ile ya juu ni tamu zaidi." Nikakosa la kusema. Labda ni kweli, kwa mtu wa miaka 17.

Tulipanga na Mjomba kurekodi upya. Angepumua kwa mdomo, polepole, ningeisogeza maiki nyuma kidogo, hata kama chumba kingeingia. Usiku uliofuata umeme ulikatika. Wa pili yake alikuwa amechoka na dawa. Jumamosi akapanda basi kurudi Morogoro, akasema atakuja mwezi ujao, nisiuze gitaa. Mwezi ujao kikaja kingine, na hiki hakuna anayekiita kidogo. Anaongea, taratibu. Anatambua kila mtu. Vidole vya kushoto havibanii uzi.

Kwa hiyo kuna faili moja tu duniani lenye ile E.

Majuzi Mama aliniita. Yeye ni mdogo wake. Akasema, "Ile ya mwanzo, ile Kaka anayohema. Nitumie." Nikamwambia niliifuta, ipo ile nyingine nzuri. Akaniangalia kama wanavyoangalia. "Ile nyingine ni gitaa," akasema. "Nataka ile aliyomo."

Hapa nimekwama, na sitajifanya sijakwama. Ahadi niliitoa kwa mwenye sauti, na ahadi kwa mgonjwa ni nzito kuliko kwa mzima, maana hawezi kuja kuisimamia. Kwa upande wa pili, alichokuwa anakisitiri tayari kinajulikana mpaka kwa majirani, na sitara juu ya jambo linalojulikana inakuwa adabu tu. Adabu nayo si kitu kidogo. Kisha kuna Mama, aliyelala chini pembeni ya kitanda cha kaka yake wiki mbili hospitalini, akiisikiliza pumzi hiyo hiyo bila maiki yoyote. Sasa mimi nani wa kumwambia hiruhusiwi kuisikia? Nilifikiria kumpa hedifoni asikilize mara moja bila kumwachia faili. Nikaona huo ni ujanja wa wakili.

Nikampigia Mjomba mwenyewe. Shemeji yake alimshikia simu sikioni. Nikamweleza polepole kwamba ile ya kwanza bado ipo kwenye kompyuta, sikuifuta, nilimwambia Mama nimeifuta lakini ipo, na Mama anaitaka. Kimya kilikuwa kirefu hadi nikaangalia kama simu haijakatika. Nilimsikia anavuta hewa puani, anaibana, anaiachia.

"Ngoja kwanza," akasema.

Nikasema sawa, Mjomba, nangoja.

"Godoro," akasema baada ya muda, "umelirudisha kitandani?"